Pikipiki Isiyogusa Ardhi

Kosa lilikuwa langu. Nilimsimulia mama mezani, nikicheka, jinsi lori lilivyotaka kunilamba nikirudi kazini kwa sababu dereva hakuniona gizani. Mama hakucheka. Aliuchukua ufunguo wa pikipiki, akautia kwenye mfuko wa sare yake, ile anayovaa akienda kuwahudumia wazee majumbani kwao.

"Weka taa zinazoonekana mpaka Pemba," akasema. "Ikifika Jumapili ya kurudisha saa nyuma hazijawaka, naiuza."

Nilikuwa na siku nane kabla ya saa kurudishwa nyuma kwa majira ya baridi, jioni zianze kuingia giza mapema. Nikanunua taa mbili za ziada, nikazifunga kwenye shokapu za mbele, nikavuta waya mwekundu mpaka kwenye betri, mweusi nikaubana kwenye chuma cha karibu. Mama akaniazima ufunguo huku amesimama mlangoni kama askari. Nikabonyeza swichi. Hazikuwaka.

Ami, mdogo wake baba, alikuwa fundi umeme wa majumba, kwanza Unguja kisha hapa ughaibuni, Ilford, mpaka alipostaafu. Alitoka na kikombe cha chai, akatazama kidogo.

"Arthi hiyo."

Mimi nimesomea falsafa. Chuo hakikunipa kazi, kilinipa tabia ya kumdai kila mtu ushahidi.

"Ami, arthi si ndiyo ardhi?"

"Ndiyo."

"Na arthi ya nyumba, waya wake huchimbiwa chini?"

"Naam."

"Sasa hii imesimama juu ya mipira miwili, na mpira haupitishi umeme. Hiyo ardhi itaipata wapi?"

Ami akapiga funda la chai. "Umesoma sana wewe," akasema, akarudi ndani kwenye maandazi yake. Mimi nikahesabu kwamba nimeshinda.

Wiki nzima niliishi na ushindi huo. Kila jioni mama alinipa ufunguo, kila jioni nikamrudishia. Nilibadilisha fyuzi. Nilibadilisha swichi. Nilibadilisha rilei, kile kidude kinacholia tik ukiwasha; kikalia tik, na taa hazikuwaka. Nikachukua testa, kile kipimaji cha umeme, nikachomeka ncha yake nyeusi kwenye betri na nyekundu kwenye waya wa taa: volti kumi na mbili, umeme unafika. Nikazichukua taa zenyewe nikazigusisha moja kwa moja kwenye betri. Zikawaka nusura zinipofue. Kila kitu kizima, lakini vikikaa pamoja havifanyi kazi. Hali hiyo nilikuwa nimeiona kwenye familia yetu tu.

Jumamosi mchana, siku ya mwisho, mama akanipa ufunguo, nikaigeuza pikipiki mbele ya nyumba swichi ikiwa imewashwa. Usukani ulipolala kushoto, taa zikawaka. Nikaunyoosha, zikazima.

"Zimewaka!" mama akapiga kelele.

"Zinawaka kushoto tu, mama."

"Kwa hiyo kazini utakwenda kwa kona za kushoto?"

"Atafika mwakani," Ami akadakia nyuma yake. "Na atakuwa na kizunguzungu."

Niliulaza usukani tena, taratibu, nikitafuta kinachosogea. Waya mweusi. Ulikuwa unavutika kidogo pale nilipoubana kwa nati, juu ya kishikio cha chuma kilichopakwa rangi nene. Waya ambao sikuupima hata mara moja, maana ncha nyeusi ya testa niliiweka kwenye betri kila siku.

"Ami," nikasema, "hiyo arthi ni kitu gani hasa?"

"Umeme ukishakwenda kwenye taa lazima upate pa kurudi kwenye betri. Kwenye pikipiki unarudi kupitia chuma chake. Sisi mafundi tunaita arthi. Jina tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza ardhi itaipata wapi. Hukuniuliza arthi ni nini."

Nikafungua nati, nikaisugua ile rangi, isiyopitisha umeme kama mpira, kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikaubana waya upya. Nikabonyeza swichi. Zikawaka, usukani umenyooka.

Mama akashuka mpaka njiani na kandambili zake, akasimama mahali ambapo lori lingesimama.

"Kushoto."

Zinawaka.

"Kulia."

Zinawaka.

"Kushoto tena."

"Mama, kushoto ziliwaka hata mwanzo."

"Nimesema kushoto."

Nikapinda. Akatazama huku amekinga macho kwa mkono, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akapita mbele yangu, akaingia ndani, na ufunguo akauacha pale pale kwenye pikipiki.