Ufagio wa Mama Mkwe na Ua la Chini

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Dodoma kutoka kijijini Haneti kutibiwa magoti. Alileta nguo zake, unga wa uwele na ufagio. Ufagio tunao. Alisema, kupitia kwa mke wangu, kwamba wetu ameuona.

Nasema kupitia kwa mke wangu kwa sababu mimi na mama mkwe hatuzungumzi. Hatujagombana, ni heshima tu. Kwa wenzetu Wagogo, mwanaume na mama wa mkewe hawatazamani usoni wala hawapigi soga. Akiingia sebuleni, mimi natokea mlango wa jikoni. Nilikubali hayo siku ya mahari, na kusema kweli kwa miaka mingi niliona ni nafuu kubwa.

Nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini, pembeni ya tangi la maji, kuna mahali jua halifiki. Hapo nilikuwa na ua langu. Ni la kutambaa, lina majani ya kijani kilichokolea, na likichanua hutoa maua madogo ya zambarau. Jina lake silijui. Mama yangu alikuwa akiliita "la chini", basi, na kule kwetu Lushoto lilitanda chini ya miparachichi yake kama mkeka. Mama alipofariki, kaka yangu alibomoa nyumba, akajenga mpya, na uwanja wote akautandika vitofali. Pamependeza, kila mtu anasifu. Kabla mafundi hawajaanza nilichimba konzi moja ya lile la chini, nikalitia kwenye kopo la maziwa na kulipakata ndani ya basi mpaka Dodoma. Hicho tu ndicho nilichonacho cha kwa mama. Mke wangu alipouliza ni nini, nilimjibu, "Ua tu."

Nililinywesha maji ya kusuuzia nguo, maana ya bomba yana siku zake. Nikalitilia samadi. Baada ya miezi minane lilikuwa na upana wa meza, ila halijachanua hata mara moja. Kila nikitoka kazini nilipitia kwanza huko nyuma kuangalia, hata viatu sijavua.

Sasa, kwa mama mkwe, uwanja safi ni uwanja usio na kitu isipokuwa mistari ya ufagio. Jani lolote karibu na ukuta linafuga nyoka, na linawatangazia wapita njia kwamba nyumba hii haina mwanamke. Asubuhi ya kwanza niliamshwa na ufagio. Nilipochungulia, meza yangu ilikuwa imebaki kigoda.

"Ala!" nikaliambia dirisha.

Nikamwendea mke wangu. "Mwambie mama yako pale asifagie."

"Afanye nini sasa? Akikaa tu, magoti yanamuuma."

"Basi asing'oe."

"Anasema anakusaidia. Mkwe wake anashinda ofisini, hana nafasi ya kupalilia."

Nikazungushia mawe. Kesho yake mawe yalikuwa yamepangwa vizuri kando ya tangi. Nikaweka matofali. Moja nilimkuta amelikalia, anapumzika, nikageuka haraka nikaangalia ukuta.

Siku ya nne nilirudi kazini jioni, nikapitia nyuma kama kawaida. Uwanja ulikuwa mweupe, mistari imenyooka kama ya daftari. Chini ya mwarobaini hapakuwa na kitu. Nikalia. Mtu mzima, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni, nalia.

Mke wangu akatoka. "Jamani! Unalilia majani?"

Ndipo nikamweleza habari za kopo, za mama, za vitofali. Akasema, "Na huo mdomo unao wa nini?" Akaingia ndani. Nikawasikia wanaongea Kigogo kwa muda mrefu.

Mama mkwe akatoka. Mimi, kwa heshima, nikajibanza nyuma ya tangi kama mwizi. Akachechemea mpaka jalalani, akapiga magoti, yale yale aliyoyaleta kutibiwa, akaanza kuchambua takataka kwa mkono. Majivu, majani ya mwarobaini, maganda. Nilitaka kwenda kumsaidia na sikujua kama naruhusiwa. Alipata vipande vitatu vyenye mizizi. Akavirudisha kivulini, akavifukia, akavimwagia maji kwa kikombe chake cha chai.

Kisha akaviambia, kwa Kiswahili, lugha ambayo huiokota neno moja moja: "Sikujua ni wewe, mkwe mwenzangu. Unisamehe."

Yeye na mama yangu hawakuwahi kuonana. Siku ya harusi yetu mama yangu alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri.

Tangu hapo ufagio ulizunguka uwanja wote, ukifika pale unasimama. "Umeamkaje, mkwe mwenzangu?" Kisha unapita kando, taratibu. Vipande viwili vilikauka, maana Dodoma si Lushoto. Cha tatu kikashika. Daktari akamwambia mama mkwe sasa anaweza kurudi nyumbani. Akajibu kwamba bado ana mgonjwa wake.

Mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha, asubuhi moja ufagio ulisimama na haukuendelea. Nikakaa kitandani nasikiliza.

"Mwambie mwenzio," alimwambia binti yake, kwa sauti ambayo ningeisikia hata nikiwa Lushoto, "mama yake ameamka."

Nikatoka na kanga ya mke wangu kiunoni. Mama mkwe alikwisha kuchukua ufagio wake na kuelekea upande wa pili wa nyumba, kama heshima inavyotaka, ili nikayaone yale maua ya zambarau peke yangu.