Geti la Barabara ya Nkololo

Tulihama Bariadi mjini siku ya Jumamosi, kwa lori lililokuwa limetoka kushusha pamba kiwandani. Pamba zilizobaki kwenye bodi zilinasa kwenye magodoro, kwenye kochi, hadi kwenye nywele za mama. Baba akasema hiyo ni baraka, tunaingia kwetu tumevalishwa pamba. Mama akasema hiyo ni kazi, nani atazibandua? Mimi sikusema kitu. Mimi huwa sisemi kitu.

Mjini tulikuwa tumepanga nyuma ya soko. Ua ulikuwa mmoja, bomba moja, na wapangaji wa kila aina. Watu wanadhani mtu mwenye aibu anapenda kukaa peke yake. Si kweli, angalau kwangu. Pale uani nilikuwa nakaa kizingitini kwetu namenya viazi, huku mama muuza dagaa akigombana na wachuuzi wa Lamadi kwa simu, fundi cherehani akiimba wimbo aliousahau katikati, watoto wakimwagiana maji, na hakuna aliyeniuliza kitu. Walishanizoea.

"Huyu bubu wetu," mama muuza dagaa alikuwa akisema, "ndiye pekee ninayemwamini. Siri yangu ataipeleka wapi?"

Wote walicheka na mimi nilicheka. Sikujua kwamba ule ndio ulikuwa uhai wangu wote, kukaa katikati ya kelele za watu wengine.

Nyumba yetu mpya ilikuwa nje ya mji, kwenye barabara ya kwenda Nkololo, mahali ambapo mashamba ya pamba yanaanza na nyumba zinakaa mbalimbali. Ilikuwa haijaisha. Dari hakuna, milango ya ndani hakuna, tulitundika mapazia. Lakini ukuta na geti vilikuwepo. Mama alisema hahamii porini bila geti, kwa hiyo baba alitengenezesha geti jeusi la chuma, zito, lenye mikuki juu. Majirani wote walizungushia minyaa tu, mtu anapenya popote anapotaka. Geti lilikuwa letu peke yetu.

Baba na mama wote wanafanya kazi ofisi za halmashauri. Walikuwa wanaondoka alfajiri kwa pikipiki, mama nyuma ameushika mkoba na kujifunga kanga kichwani kwa ajili ya vumbi, wanarudi jua linapozama. Pikipiki haibebi watu watatu, kwa hiyo mimi nilihamishiwa sekondari ya huku. Nikitoka shule nafungua kufuli, naingia, nafunga kufuli. Halafu kimya. Kimya cha huku kina sauti zake, bati likipanuka kwa jua, kengele ya ng'ombe mbali, upepo kwenye mapazia. Nilianza kuwasha redio si kwa kusikiliza, bali ili kuwe na mtu anayeongea.

Mtu mmoja tu ndiye aliyelipita lile geti. Binti wa jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, darasa moja na mimi. Siku ya kwanza alisimama nje akaligonga kwa jiwe.

"Wewe ndo mgeni wa kwenye geti? Mbona hujibu? Unaumwa?"

Nikamwambia siumwi.

"Basi twende shule, tutachelewa."

Alikuwa anaongea kwa niaba yetu wawili. Alinionyesha njia ya mkato katikati ya pamba, alinifundisha kupiga goti kidogo nikikutana na wakubwa na kusema "Mwangaluka" asubuhi, "Mwadila" mchana, na nikikosea alicheka mpaka anakaa chini. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, anatembea bado anayumba, akitufuata kila mahali. Kila asubuhi jiwe getini, kisha jina langu, kwa sauti inayofika Nkololo kwenyewe. Nilikuwa naona haya jina langu likipigiwa kelele hivyo. Nilikuwa pia naamka mapema kulisubiri.

Hapo ndipo ikaja siku ya mwano.

Ilikuwa Jumamosi nyingine, jua la alasiri. Baba alikuwa mjini kutafuta misumari. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, mimi nafua. Ikaanza sauti moja ya mwanamke, mbali, ndefu. Ikadakwa na nyingine karibu zaidi. Halafu wanaume. Halafu ikawa pande zote, nyumba moja inaipokea kwa nyingine, kama moto unavyokimbia kwenye majani makavu. Yowe la Wasukuma, wenyewe wanaliita mwano. Nilikuwa nimewahi kulisikia likitajwa, sikuwahi kulisikia lenyewe.

Mama aliuweka ungo chini. Yeye ni mtu wa Tanga, na akiwa msichana aliwahi kuona kundi la watu likimchoma kijana aliyeitiwa mwizi. Hilo hajalisimulia ila mara moja. Yowe kwake ni lile.

"Ingia ndani," alisema. Akaenda kukagua kufuli. Alilivuta mara mbili, akarudi mbio. "Ingia, kaa chini."

Tulikaa sakafuni chini ya dirisha. Miguu ya watu ilipita barabarani, mingi, inakimbia. Kisha jiwe likagonga geti, kwa nguvu kuliko siku zote, na jina langu.

"Toka! Tokeni jamani! Njooni!"

"Mama, ni yule rafiki yangu."

"Hata angekuwa nani."

"Ananiita."

Mama aliweka kidole mdomoni. Macho yake yalikuwa ya mtoto mdogo, sikuwahi kumwona hivyo. Jina langu likaitwa tena, sauti ikakatika katikati kama mtu anayelia. Kisha miguu yake ikaondoka.

Baba alirudi jioni na habari yote, ameipata kwa waendesha bodaboda pale njia panda. Hapakuwa na mwizi. Yule mdogo wa rafiki yangu, anayeyumba, alikuwa amepotea. Walitafuta kwenye mashamba, kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, kwenye mitaro, na mwisho wakamkuta amelala fofofo kwenye stoo ya pamba, amejichimbia katikati ya pamba kama kifaranga. Kila nyumba ilitoa watu. Hata bibi mmoja anayetembelea fimbo alitoka akasimama barabarani, asiweze kwenda popote, lakini ametoka.

"Wameniuliza, 'Mzee, kwako vipi hamkutoka?'" baba alisema. "Nikawaambia sisi si watu wa huku. Kijana mmoja akanijibu, 'Ukishajenga ni wa huku.'"

Mama alianza kulia. Mtoto alikuwa mzima, lakini alilia.

Jumatatu jiwe halikugonga. Nilisimama ndani ya geti na begi mgongoni, nikasikia sauti yake barabarani pamoja na wenzake, anaongea Kisukuma, sauti inakaribia, inapita, inaisha. Nilipofungua, walikuwa wameshaingia kwenye njia ya mkato. Nilifuata kwa nyuma. Mvulana mmoja aligeuka.

"Kufuli huyo! Kufuli, umesahau funguo?"

Wakacheka. Yeye hakucheka. Afadhali angecheka.

Nilikuwa Kufuli shule nzima, na mama akawa Mama Kufuli. Mama mmoja aliyekuwa anatuletea maziwa alianza kupitiliza na ndoo yake kichwani. Nilipopiga goti na kusema "Mwadila" niliitikiwa, hawakuninyima salamu, lakini iliishia hapo hapo, bila yale maswali ya umeshindaje, mama hajambo, ng'ombe wanakula. Ng'ombe hatuna, lakini walikuwa wakiniuliza kila siku na nilikuwa nimezoea kujibu kwamba wanakula.

Mchana nilikaa uani peke yangu. Juu ya ukuta niliziona ncha za minyaa ya kwao na moshi wa jiko lao. Niliweza kusikia wakicheka. Nilikuwa najizoeza kwa sauti, huku nakoroga uji: "Samahani kwa siku ile." Nikajaribu tena kwa sauti kubwa zaidi. Uji ukaungua. Kuongea na sufuria niliweza vizuri kabisa. Nilipomwona yeye bombani shuleni, niligeuka nikarudi darasani na kiu yangu.

Hatimaye mwenyekiti wa kitongoji alikuja, pamoja na mama yake yule rafiki yangu na mzee mmoja. Mama aliwakaribisha soda, akazimwaga mbili kwa haraka.

"Hatukujua," baba alisema. "Kwa kweli hatukujua utaratibu."

"Tunajua hamkujua," mwenyekiti alisema. "Mngekuwa mnajua tusingekuja tunacheka. Lakini utaratibu upo. Mtalisha watu waliokimbilia mwano. Mbuzi na ugali, hapa hapa kwenu. Na hilo dude lenu jeusi liwe wazi siku hiyo."

Mama akasema, bila kumwangalia mtu, "Mimi naogopa watu wakiwa wengi."

Mama yake rafiki yangu aliguna, akamwita "mama" kwa Kisukuma. "Mayu, hata mimi siku ile niliogopa. Ndo maana nilipiga kelele."

Walikuja Jumapili. Mama alikuwa ameamka kutayarisha pilau, viungo vimeshatwangwa, wanawake wakaingia jikoni wakafunua sufuria wakaangaliana.

"Mama Kufuli, hii nini?"

"Pilau."

"Weka pembeni hiyo watakula watoto. Unga uko wapi?"

Wakamtoa jikoni kwake mwenyewe. Wakasonga ugali kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, wakamtuma chumvi, wakamtuma maji, "Mama Kufuli, kimbia basi, leo si umefunguliwa?" na mama, mama yangu, akacheka mpaka akashika nguzo. Alifundishwa kusema "wabeja", asante, akaisema kwa lafudhi ya Tanga na wote wakaomba airudie. Wakati wa kula "Mama Kufuli" lilikuwa jina lake tu, halina tena uchungu. Mama wa maziwa aliuliza kesho alete kiasi gani.

Mimi nilizungusha maji ya kunawa. Nilipiga goti kwa kila mtu, "Mwadila baba, mwadila mayu," mpaka goti likajaa vumbi. Nilikuwa nangoja kumfikia yeye. Alikaa kwenye mkeka na wenzake, mdogo wake mapajani. Nilipomimina maji alinawa, akamnawisha mtoto, akasema asante kama anavyoambiwa mhudumu.

Baadaye mama yake alimwamuru aje anisaidie kuosha masufuria nyuma ya nyumba. Hapo tukawa wawili. Yeye anasugua kwa majivu, mimi nasuuza. Kwa wakubwa mambo yalikuwa yamekwisha. Nilisikia baba akitaniwa kule mbele. Lakini mbuzi yule alikuwa wa wakubwa. Sisi hatukuchinjiana kitu.

"Siku ile nilikuita," alisema.

"Eeh."

"Nilijua uko ndani. Nguo zilikuwa kwenye beseni, povu bado. Niliona kwenye uwazi wa geti." Akasugua. "Ulisikia?"

Ningeweza kusema hapana. Redio, maji, usingizi, chochote. Sentensi yangu ya jikoni ilikuwa tayari, ile ya samahani, lakini si hiyo aliyoniuliza.

"Nilisikia."

Alisugua mpaka sufuria ikang'aa. Halafu akanipa nisuuze, bado hajaiachia.

"Nilikuwa nataka useme hukusikia," alisema.

"Najua."

"Nilikuwa nakuita wewe. Watu wengine walikuwa wanakimbia tu, sikuwaita. Wewe ndo nilikuita."

Nikamwambia samahani. Ilitoka ndogo sana. Akaiachia sufuria, akasema, "Haya," na tukaosha zilizobaki. Mdogo wake akaja akatumbukiza mikono kwenye maji yangu ya kusuuzia, akanilowesha, akacheka. Hakuna aliyemkataza.

Kesho yake nilitoka mapema nikasimama barabarani, nje kabisa, siku hiyo sikutaka kujificha nyuma ya chuma. Walikuja kundi. Walipofika niliposimama hawakupunguza mwendo, ila yeye aliniangalia na kuwaambia kitu kwa Kisukuma. Wengine walicheka. Sikuelewa.

"Umesemaje?"

"Nimesema twende."

Nina hakika lilikuwa neno refu kuliko hilo. Lakini nikaenda.

Sasa natembea nao kila siku. Geti mama analiacha wazi mchana siku ambazo hayuko kazini, na jioni anakuja mtu kukaa naye, anasukwa nywele, anafundishwa kukata michembe, viazi vitamu vya kuanika juani. Nadhani yeye amehama kweli. Baba bado anapiga hesabu ya vigae. Mimi nakaa nyuma ya kundi, pale njia ya mkato inapobana na kuwa ya mtu mmoja mmoja. Mbele wanaongea Kisukuma, haraka, wanacheka. Mara nyingine yeye anageuka na kunitafsiria, "Anasema mwalimu wa hesabu anatembea kama bata," na mimi nacheka nimechelewa, peke yangu, baada ya wote kumaliza. Mara nyingine anasahau.

Siku anazosahau ndizo nyingi. Zinapungua, nafikiri. Sijaanza kujifunza lugha kwa kuuliza, naona haya, kwa hiyo nasikiliza tu migongo yao na kuyaokota maneno yanayojirudia.