Kiti cha Mfiwa

Muulize mtu yeyote aliyeishi Nyakabiga, mtaani kwetu Bujumbura, miaka ile ya vita ni nani alishona vizuri kuliko wote. Atakuambia: Daphrose. Kisha atanyamaza kidogo. Kunyamaza huko ndiko ninakotaka kuwaeleza, taratibu, kwa sababu huyu mama nilimpenda na sitaki mumhukumu kabla sijamaliza.

Karakana yake ilikuwa katikati ya safu moja ya vibanda. Upande huu seremala Gélase, upande ule Zénon, fundi baiskeli, ambaye mkewe Irène aliuza unga wa muhogo mlangoni. Risasi za milimani walikuwa wamezizoea, kama mtu anavyomzoea jirani mlevi. Lakini kolera ilipoingia mtaani, kila kitu kilisimama. Nani atakwenda kupimwa gauni wakati nyumba ya pili inanuka klorini? Muoka mikate akafunga akaenda Ngozi, mji wa kaskazini. Muuza vitambaa akafuata. Wakubwa wa Kinindo, mtaa wa matajiri, nao, ilisemekana, walikuwa wakitafuta maghala huko juu. Kila mtu aliuliza swali moja: hii kolera ikiisha, mji utabaki na biashara gani?

Siku moja majirani wakakusanyika kwa Daphrose.

"Wote watakwenda," alisema Gélase. "Tutabakia na mbwa na majeneza. Mi angalau majeneza nitauza."

"Gélase, kinywa yako!" Irène akamkemea.

Daphrose akasimama, mita yake ya kupimia ikining'inia shingoni. "Mi siendi popote. Mutu anayehama juu ya kolera, kesho atahama juu ya mvua. Mmoja wetu akiondoka, wateja watasema mtaa umekufa. Kila mutu aape hapa, mbele ya wenzake."

"Sawa, tutaapa," Zénon akacheka. "Lakini toa iyo mita, dada. Ukisimama nayo ivyo, naona kama unanipima sanduku."

Wakacheka wote, wakaapa.

Haikupita muda, nyumba iliyo nyuma ya karakana ikatoa maiti. Daphrose hakulala vizuri tena. Dada yake Consolée, aliyeishi Ngozi, alikuwa amempelekea habari kwamba shule moja inataka sare. Basi Jumapili moja, majirani wakiwa misani, akapakia cherehani kwenye lori na kuingia katika msafara unaosindikizwa na askari. Hakuaga. Kwetu mtu haondoki hivyo. Anaaga, mnakunywa pamoja, mnapeana mikono. Lakini angewaaga kwa maneno gani, yeye aliyewaapisha?

Kule Ngozi sare ziliisha upesi. Watu walikuja kutazama kazi ya mikono yake, wakamsifu, wakaenda na vitambaa vyao kwa mafundi wao wa siku zote. Kila msafara ulipofika alisimama kando ya barabara. Alitazamia kuona mbao za Gélase juu ya lori, au magurudumu ya Zénon. Wakija wao, yeye hatakuwa mwenye hatia tena. Atakuwa tu ameona mbele. Hakuja hata mmoja. Kilichokuja ni habari: kolera imeisha, na hata muoka mikate amerudi mjini.

Basi naye akarudi. Alikuwa bado anashusha cherehani Gélase alipomjia na kumkumbatia kwa nguvu.

"Karibu, mama. Lia kidogo, watu wanatazama."

"Nilie nini?"

Gélase akashusha sauti. "Wateja walikuwa wanauliza uko wapi. Niseme nini? Ule aliyetuapisha ndiye amekimbia? Nilisema umefiwa na Consolée, umeenda kwa matanga, na mambo ya urisi imekukawisha."

"Gélase! Consolée yuko muzima! Asubuhi ya leo amenifungia viazi!"

"Ficha iyo viazi. Jioni watakuja kukupa pole."

"Na Zénon anasema nini juu ya huu uongo?"

Gélase akatazama chini. "Zénon kolera ilimubeba, mama. Nyuma kidogo ya kuondoka kwako."

Nadhani hapo ndipo angeweza kusema kweli. Lakini jioni wateja walianza kuingia, kila mmoja na uso wa huruma, na wengine vitambaa kwapani. Akaona karakana yake inarudi. Akakaa kwenye kiti cha mfiwa, akashika shavu. "Pole, mama." "Asante." "Tulimwombea Consolée kanisani." "Asante."

Mwisho akaingia Irène, amejifunga kitambaa cha ujane, na chungu cha impeke, pombe ya mtama, kichwani. Akakishusha mbele ya Daphrose, akachomeka mirija.

"Mi najua vile inauma," alisema. "Wakati ya Zénon nilikuwa natazama mulango. Nikasema, Daphrose angekuwa hapa angekuja wa kwanza. Lakini naye iko na msiba yake, nimusamehe. Kunywa, dada."

Daphrose akashika mrija. Haukufika mdomoni.

"Irène, hakuna aliyekufa kwangu."

Akaurudisha mrija chunguni.

"Consolée ni muzima. Nilikimbia kolera. Niliwaapisha, halafu nikawakimbia mukiwa kanisani."

Gélase akajifanya kutafuta kofia yake. Mwanamke mmoja akakunja kitambaa chake alicholeta, akatoka, na wengine wakamfuata. Irène alibaki amesimama.

"Kumbe tulikuwa tunaombea mutu anakula viazi," alisema hatimaye. Hakuna aliyecheka. "Daphrose, ondoka kwenye iyo kiti."

Daphrose akaondoka. Irène akakaa yeye, akarekebisha kitambaa chake, akaonyesha mkeka waliokalia wageni.

"Sasa nipe pole ya Zénon. Umechelewa, lakini nipe."

Daphrose akapiga magoti pale chini, akampa mkono, akasema pole. Irène akamvutia chungu. Walikunywa kila mtu na mrija wake, bila kutazamana, mpaka mlangoni wale waliotoka wakaanza kurudi mmoja mmoja kutafuta mahali pa kukaa.