Maji Kwanza, Halafu Habari

Juzi asubuhi nilikuwa nachagua mchele kwa mlango wangu hapa Arua, mama mmoja kijana akaingia uwanjani. Miguu yake ilikuwa nyekundu kwa vumbi ya barabara ya Koboko. Nikamtambua, ni binti ya rafiki yangu wa Dranya, kijiji cha upande wa Koboko. Nikamuuliza, "Mwanangu, habari ya huko?" Akasema, "Habari iko muzuri, mama." Akakaa kwa mkeka, akaangalia mikono yake. Sikumuuliza tena. Niliingia ndani, nikachota maji kwa mtungi, nikamletea kikombe. Akanywa yote mpaka chini. Halafu akasema, "Mama ametuacha. Tulimzika jana kabla ya alasiri." Tukashikana, tukalia. Na tulipomaliza kulia, Mungu anisamehe, tukaanza kucheka, kwa sababu sisi wawili tulikumbuka kikombe kingine cha maji. Hicho ndicho naandika leo.

Ninyi wasomaji wangu wa huku mnajua adabu yetu. Mtu akitoka mbali na maneno mazito, ukimsalimia atakujibu iko muzuri, hata kama nyuma yake nyumba inaungua. Hadanganyi. Anafungua mlango polepole ili usianguke. Wewe unampa mahali pa kukaa, unampa maji, anakunywa, na baada ya maji ndipo maneno yanatoka. Asiyepewa maji anabaki na maneno yake. Anayesema akiwa amesimama, bila maji, sisi tunamwona kama mtu aliyekulia porini.

Sasa turudi nyuma. Vita ya mwaka wa sabini na tisa na mambo yaliyofuata ilitutawanya kama kuku. Wengine walikimbilia Congo, wengine Sudan. Tulipoanza kurudi, miaka ya themanini ikielekea kuisha, nyumba nyingi za Arua zilikuwa kuta tu, majani yameota sebuleni. Lakini watu walikuwa na hamu ya kuanza. Kanisa letu likafungua darasa ya jioni ya watu wazima, kuanzia saa kumi mpaka jua kushuka. Hapo nilikaa benchi moja na huyu mama wa Dranya, ambaye wakati ule alikuwa amepanga chumba mjini na kuuza simsim sokoni. Mimi nilikuwa na rozari mfukoni, yeye na tasbihi mkononi. Siku ya mtihani tulikuwa tunabishana nani aombe kwanza ili mwalimu asahau. Alikuwa na kicheko cha kutikisa benchi, mpaka kalamu za wenzetu zinaandika pembeni.

Mume wake alikuwa askari wa serikali iliyoangushwa na vita ile, na familia za askari ndizo zilikimbia mbele ya wote. Siku ya kukimbia, binti yake mkubwa alitangulia na bibi yake kwa njia ya Congo. Yeye mwenyewe, akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni, alisukumwa na watu kwa njia ya Sudan. Alifikiri wataonana baada ya wiki. Miaka ikapita. Bibi alikufa huko Congo, hiyo alisikia. Ya binti hakusikia kitu. Ndiyo sababu alikuja kusoma Kiingereza. Watu wa ofisi ya wakimbizi walikuwa wanasikia Kiingereza tu, na yeye alikataa kuulizia mtoto wake kwa mdomo wa mtu mwingine. "Mukalimani atasema 'mama huyu anatafuta mutoto,'" aliniambia. "Mimi nataka kusema 'mutoto wangu.'"

Mwalimu wetu alikuwa kijana mzuri, mtu wa ng'ambo ya Nile, mpole, lakini desturi zetu hakuzijua. Siku moja aliandika ubaoni neno moja tu: news. Akasema hilo ni habari. Akasema lina mkia wa herufi unaofanana na wingi, lakini ni moja, kwa hiyo unasema the news is good.

"Mwalimu," rafiki yangu akauliza, "habari ikiwa mingi, Kiingereza inasema iko moja tu?"

"Moja tu, mama."

"Basi hao wazungu hawana shida mingi."

Darasa yote ikacheka, mwalimu pia. Akaeleza kwamba neno hilo ni kama chumvi, huwezi kusema chumvi mbili, chumvi tatu. Ukitaka kuhesabu lazima useme kipande: a piece of news.

"Kama kipande ya muhogo?"

"Kama kipande cha muhogo, mama. Umeelewa vizuri."

Rafiki yangu alicheka na wengine, halafu akainama kwangu akasema polepole, "Dada, mimi nangoja kipande yangu moja tu. Hata ikiwa imeungua, nitakula."

Kuanzia siku hiyo mwalimu akaweka sheria. Kabla ya somo, kila mtu asimame, aseme habari yake ya siku kwa Kiingereza, sentensi moja, akae. Kiswahili ni marufuku, Kilugbara marufuku, Kikakwa marufuku. Tukazoea. Mmoja alisema mbuzi wake amezaa, mwingine alisema mvua imebomoa choo chake. Lakini ukiangalia, sisi wengi tulikuwa tunasimama na kusema the news is good, basi, tunakaa. Mwalimu alidhani sisi ni wavivu. Hakujua kwamba alikuwa anatuuliza salamu, na sisi tulikuwa tunajibu salamu.

Kati yetu alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Vurra, mwanamume mrefu, mwenye haya, aliyekuwa anapitisha sabuni na vitenge kutoka Aru, mji wa Congo ng'ambo ya mpaka, kwa baiskeli. Yeye hakuwahi kukosa. Kila jioni alisimama, akasema the news is good, akamwangalia rafiki yangu, akakaa. Mwalimu alimsifu: hakuna kosa. Mimi nilianza kumshuku. "Huyu shemeji anakutaka," nilimwambia rafiki yangu. "Kila siku habari iko muzuri, kila siku macho iko kwako." Akanipiga kwa daftari: "Nyamaza, mutu wa rozari! Anaangalia dirisha." Masomo yakiisha mtu wa Vurra anapanda baiskeli haraka ili giza isimkute njiani, na hatusikii kitu kingine.

Mwisho mwalimu akachoka naye. Akamwambia, "Bwana, wewe leo sentensi mpya. Hiyo ya zamani nimeisikia." Mtu wa Vurra akasimama. Jasho ikamtoka. Alishika benchi kwa mikono miwili, akasema, "The news is good." Akameza mate. "Please, water."

Darasa ikaanguka kwa kicheko. Mzee mmoja akasema, "Baiskeli yake imechemka kama lori, inataka maji!" Mwalimu akasema kwa upole kwamba mtu mwenye kiu aende nje, mtungi upo mlangoni. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipogeuka na kuona uso wa rafiki yangu. Hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama tayari. Alipita katikati ya mabenchi, akaenda mlangoni, akachota kikombe kwa mtungi, maji inamwagika. Akarudi, akapiga magoti mbele ya huyu mwanamume kama tunavyopiga magoti kwa mgeni nyumbani, akampa kikombe. Kicheko ikakatika. Tulisikia koo yake ikimeza.

Akafuta mdomo. Akakaa chini, kwa sababu maneno kama hayo hayasemwi mtu akisimama. Akasahau Kiingereza yote. "Mama," akasema, "mutoto wako iko Aru. Iko muzima. Anapika chai karibu na soko. Nilimuuliza mama yake ni nani, akataja wewe, akataja na Dranya. Na mama, yeye sasa iko na mutoto. Musichana. Alimupa jina yako."

Mimi nilikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, na sijui hata nilifikaje juu ya benchi. Rafiki yangu hakupiga kelele. Alikaa pale chini na kikombe tupu kifuani, akisema "Alhamdulillahi, Alhamdulillahi," na machozi inashuka mpaka kwa meno, kwa sababu mdomo ulikuwa unacheka. Mwalimu alikuwa amesimama na chaki hewani. "Lakini bwana," akauliza, tena kwa Kiswahili, "kwa nini hukumwambia siku zote hizi?"

Mtu wa Vurra alimwangalia kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu, ningemwambia wapi? Barabarani? Kwake hakuna mwanamume, mimi siwezi kuingia. Hapa tunasimama kama miti, na hakuna mutu alinipa maji. Nilikuwa kila siku nasema iko muzuri. Nilikuwa nangoja."

Jumamosi ile rafiki yangu alivuka mpaka pale Vurra akiwa amekaa nyuma ya baiskeli hiyo hiyo, na mke wa mtu wa Vurra akifuata kwa baiskeli ya pili ili watu wasiseme. Walirudi wakiwa wengi. Jumatatu binti, ndiye huyu aliyeniletea habari ya msiba juzi, aliletwa darasani na kichanga mgongoni, na mama yake alisimama kutoa habari yake. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kujaza kanisa, kwamba habari zake ni mbili. Mwalimu akafungua mdomo asahihishe. Akaangalia binti, akaangalia mtoto. "Leo," akasema, "wacha ziwe mbili." Rafiki yangu alipokaa aliniegemea. "Dada, kipande yangu haikuungua hata kidogo." Na kuanzia wiki hiyo, juu ya meza ya mwalimu kulikuwa na jagi na kikombe. Sheria ya sentensi moja ilikufa kifo chema.

Baadaye rafiki yangu alirudi Dranya kulima, na huko alifanya jambo ambalo nataka mlijue. Mama huyu aliweka mtungi mbele ya nyumba yake, kando ya njia. Siku hizi ni ndugu zetu wa Sudan wanaokimbia kuja Koboko, na wao pia wamepoteana njiani. Kila anayepita alipewa maji, na akishakunywa aliulizwa: umetoka wapi, uliona nani, kuna mtoto peke yake? Sisi wengine tunasikiliza redio, tangazo linasomwa haraka kama bei ya nyanya, tunasema pole, tunazima. Yeye alikuwa na kikombe, na kwa kikombe hicho watu walipata watu wao. Mimi naomba kila siku, lakini nikimfikiria naona kwamba yeye alikuwa anaomba kwa mikono.

Jana nilienda Dranya kwenye msiba. Mtu wa Vurra alikuwepo, nywele nyeupe, amekaa na wanaume. Nilipomsalimia nikamuuliza habari, akaniangalia, akasema, "The news is good." Mama wote waliosoma na sisi wakacheka kwa sauti pale pale msibani, na shehe akageuka kuona ni nini. Binti ya marehemu alikuwa tayari ameinuka. Alienda kwa mtungi wa mama yake.

Basi msomaji wangu, nakuachia hii. Mtu akikuambia kwamba iko muzuri, na macho yake yamebaki kwako, usimpite. Mpe maji. Na ikiwa ni wewe umebeba neno jema la mtu, na unaona hakuna anayekupa kikombe, usiogope kuchekwa na darasa nzima. Omba maji.