Pilau ya Kosa Lililofutwa

Sitaki mtu anionee huruma, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi tumalizane, kwa sababu jengo letu zima huku ugenini, pale Joubert Park, walishacheka, hata mlinzi wa getini ambaye Kiswahili hajui, alitafsiriwa mpaka akacheka. Mimi, Bi Mwanahawa wa Tanga, ninayepiga kanga zangu pasi hata nikienda kutupa taka, niliaibika ndani ya nyumba yangu, kwa chakula changu, mbele ya watu niliowaita kwa mdomo wangu. Hakuna adui aliyenifanyia. Ningekuwa na adui ningeona nafuu, ningepata wa kumlaumu.

Ili mnielewe lazima nianze na Idi. Idi ni kijana wa Dar, kinyozi, ana hema lake la kunyolea karibu na stesheni, na alikuwa anamtaka mjukuu wangu Rehema, niliyemlea mwenyewe tangu mama yake afariki. Shangazi yake Idi, Bi Zuhura, alikuja kwangu kwa adabu zake zote, amejifukiza udi, akakaa kwenye kochi langu akaleta habari. Sasa mimi nilikuwa nimeshapeleleza. Nilisikia kwamba huyo kijana aliwahi kuruka vyuma vya stesheni bila tiketi, akakamatwa, akalipa faini, na jina lake likabaki kwenye kompyuta ya polisi. Basi nikamwambia Bi Zuhura, "Shoga, katika ukoo wetu hakuna aliyeandikwa polisi, wala hatutaanza na mume wa Rehema." Nikammiminia chai ya pili, ili aone sina kinyongo. Hakuinywa. Rehema alilia siku nyingi, tena kwa Kizulu (amezaliwa hapa huyu, Kiswahili anakisikia vizuri na anakijibu akitaka, lakini uchungu wake hauko humo).

Haukupita muda, chekechea ya mtaa wa pili wakatafuta mpishi wa uji wa watoto. Mimi na uji ni damu moja. Mwalimu mkuu akanikubali palepale, akasema imebaki karatasi ya polisi tu, kwamba sina kosa, maana ndiyo sheria kwa kila anayekaa karibu na watoto. Nikacheka. Nikaenda kituoni kifua mbele, pamoja na jirani yangu Mama Bea, Mkongo wa Lubumbashi, fundi cherehani na mlokole wa kweli, yeye Kiingereza chake kinasikilizwa kuliko changu. Wakanishika vidole wakavibingirisha kwenye wino, wakavifuta, wakavibingirisha tena. "Gogo," askari akaniambia (gogo ni bibi kwa lugha yao), "vidole vyako havina mistari." Itabaki mistari gani, na mimi miaka yote hiyo nageuza chapati kwa mkono mtupu?

Lakini mistari iliyobaki ilitosha. Majibu yaliporudi, nilikuwemo.

"Nani? Mimi?" nilimuuliza askari wa kaunta. "Baba, tazama vizuri, itakuwa Mwanahawa mwingine."

"Ni wewe, gogo. Hapa imeandikwa ulimshambulia askari wa jiji."

Mama Bea akanigeukia, macho kama vifuniko vya sufuria. Ndipo nikakumbuka yale maharage.

Zamani nilikuwa nauza maharage na chapati Marshalltown, kando ya njia, karibu na robot, zile taa za barabarani, bila kibali (tusidanganyane, nani alikuwa nacho?). Siku hiyo askari wa jiji akaja kukusanya vitu vyetu, akashika sufuria yangu sikio moja, mimi nikashika la pili, yeye anavuta, mimi navuta, tunatazamana kama wachumba, halafu sikio la kwake likachomoka. Maharage yote yakamkalia miguuni, kuanzia magoti mpaka ndani ya viatu. Na mimi, badala ya kumpa pole, nikamalizia na upawa. Kituoni wakaniambia weka dole gumba hapa, lipa faini, nenda nyumbani, ukikataa utalala ndani ungoje hakimu. Nikaweka dole, nikalipa, nikarudi nyumbani nikaloweka maharage mengine. Hakuna aliyeniambia kwamba kulipa ile faini ni kusema ndiyo, nimefanya, niandikeni. Nilidhani nanunua mlango wa kutokea.

Basi hapo hapo kwenye kaunta nikamwona akilini Bi Zuhura na kile kikombe chake cha chai.

Yule askari (Mungu ampe kheri, alikuwa na umri wa mwanangu) akanielekeza kwamba kosa dogo la faini, likishapita miaka kumi na hukurudia jingine, unaweza kuomba lifutwe kabisa, kama hukuwahi kuzaliwa nalo. Miaka kumi ilishapita na zaidi. Mama Bea akanijazia maombi, tukayapeleka, nikakaa kungoja, na mwalimu mkuu wa chekechea nikamwambia karatasi inachelewa kwa sababu ya vidole vyangu. Usiku na mchana roho juu. Siku moja juu ya mswala nikaweka nadhiri: Mola wangu, ukinisafisha kabla Bi Zuhura hajajua, nitapika pilau, watu waje wale washibe.

Na Mola akanisafisha. Ilikuja karatasi mpya, nyeupe, haina kosa hata la nzi. Kazi nikapata. Sasa mtu mwenye akili angeishia hapo.

Rehema, ambaye siri yote alikuwa anaijua kwa sababu ndiye aliyekuwa ananisomea barua, alinishika mkono. "Eish, Bibi, tafadhali. Pika hiyo pilau, tubebe, tuwape wale watu wanaolala parki. Imeisha. Kwa nini uite jengo?"

"Nadhiri inatimizwa kwa heshima," nikamjibu. "Kuna pilau ya kubebwa kwenye mifuko ya plastiki?"

Lakini ukweli, kwa kuwa tumeshaanza kusemezana, nilitaka kuonekana. Nilikuwa nimetembea nimeinama miezi na miezi, nikaona siku ya kunyanyuka watu wanione.

Nikaalika ghorofa zote, Watanzania, Wakongo, Warundi, wanawake wa msikitini, na Bi Zuhura pia, tena yeye nilimwendea mwenyewe mlangoni. Kila aliyeniuliza shughuli ya nini nilimjibu, "Nina shukrani yangu." Watu hawawezi kuachwa na neno kama hilo. Wengine wakasema nimepata makaratasi ya kudumu. Wengine wakasema nakwenda Hija, na hiyo ndiyo ikashika kasi, mpaka kwenye spaza, kile kiduka cha chini, wakaanza kuniita Hajjat. Mimi sikusema ndiyo. Nilitabasamu tu na kusema Mungu ni mkubwa, jambo ambalo si uongo.

Siku ikafika. Lifti ilikuwa mbovu, kama kawaida yake, na aliyenipandishia masufuria na gunia la mchele mpaka juu ni Idi. Sikumwomba. Alinikuta nahema kwenye ngazi, akasema, "Shikamoo, Bibi," akabeba, akashuka, akabeba tena. Nikajisemea, kijana mzuri, sijui kwa nini aliruka vile vyuma.

Wanawake wakajaa sebuleni, wanaume wakatandika mikeka koridoni, mlango wazi katikati. Bi Zuhura akaingia na kidumu kitupu akakiweka miguuni pangu mbele ya watu. "Nijazie zamzam, shoga, usinisahau," akasema, na sauti yake ilikuwa laini kabisa, kama mtu aliyeamua kusamehe. Nikakipokea. Jamani, nilikipokea! Nikakiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Kisomo kikasomwa vizuri, tukafika kwenye dua. Hapo Ustadhi akasafisha koo kule koridoni, akauliza kama wanavyouliza siku zote, na kama mimi mwenyewe nilivyosikia ikiulizwa kwenye shughuli za watu maisha yangu yote:

"Mwenye shughuli, nia yetu ni nini, ili tuiombee?"

Nilikuwa nimefikiria mchele, nyama, sahani, viatu vya wageni vikae wapi. Hili sikulifikiria. Watu wote wamekunjua mikono, wananingoja waitikie amin. Kudanganya watu naweza, lakini kumpa Ustadhi uongo aupeleke juu kwa jina langu, hapo niliogopa. Nikafungua mdomo, ukabaki wazi.

Akanyanyuka Mama Bea.

Yeye nilimwalika kwa mapenzi, na kumwambia anyamaze sikuona haja, maana mtu gani anasimama kwenye shughuli kueleza mambo ya mwenzake? Kumbe kwenye kanisa lao ndivyo shukrani inavyofanywa. Mungu akikutendea jambo unasimama unatoa ushuhuda, na ukishindwa kwa machozi, rafiki yako anakusaidia. Aliniona nimekwama, akadhani ni machozi.

"Huyu mama anashindwa kusema, acheni mimi nimusaidie!" akasema, mkono juu. "Mungu iko mukubwa! Jina ya huyu mama ilikuwa kwa polisi, miaka mingi, pamoja na bandits! Mimi mwenyewe nilimusindikiza! Na leo wamefuta yote, yote, hata alama moja haiko! Mupigie Bwana makofi!"

Mikono iliyokunjuliwa kwa dua ikabaki hewani.

"Polisi?" Bi Zuhura akauliza polepole. "Kwa kosa gani?"

Nikamkonyeza Mama Bea jicho mpaka likauma. Akadhani namhimiza. "Maharagi!" akasema kwa furaha. "Alimumwangia askari maharagi, halafu akamupiga na mwiko!" Akaonyesha kwa mkono jinsi upawa ulivyoshuka, na kusema kweli alionyesha vizuri kuliko mimi nilivyofanya.

Koridoni mtu mmoja alijaribu kukohoa, kikatoka kicheko, na baada ya hapo hakuna aliyejaribu tena. Ustadhi, maskini, akapaza sauti kuokoa jahazi: "Ewe Mola, kama walivyomfutia hapa duniani, mfutie na kesho akhera," na amin iliyoitikiwa ilikuwa imevunjika vunjika kwa kucheka.

Nami, kwa kiburi, badala ya kunyamaza nikakimbilia chumbani nikatoka na ile karatasi nimeinyanyua juu. "Mimi sina kosa! Someni! Hakuna kitu hapa!"

Bi Zuhura akaipokea, akaitazama mbele na nyuma, akanirudishia kwa heshima. "Kompyuta imesahau, shoga. Sisi ndio kwanza tumejua." Kisha akaongeza, bila kupandisha sauti, "Mwanangu aliruka vyuma. Hakumwagia mtu mboga."

Rehema alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sahani mkononi, ananitazama, na katika macho yale sikuona kicheko hata chembe, niliona mtu anayengoja. Na kule mlangoni Idi akaingiza kichwa, kwa adabu yake ile ile: "Samahani, Bibi. Hayo maombi mlipeleka wapi? Maana na mimi yangu nataka kuja kuyatoa, miaka ikitimia."

Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Nikamwita aingie. Nikasema mbele ya wote, huku kanga imenishuka kichwani na sina nguvu ya kuipandisha, "Bi Zuhura, ile chai yako ilipoa. Njoo tena nikupashie."

"Nitakuja," akajibu. "Lakini siku ya posa hiyo karatasi iwepo mezani. Na sisi tunataka kujua tunaoa kwa nani."

Alikuja, na ilikuwepo mezani, katikati ya visheti na kahawa, wazee wa kiume wakaipitisha mkono kwa mkono. Rehema ameolewa. Idi namhesabia miaka yake mimi mwenyewe, ikitimia nitamsindikiza kituoni, foleni zao nazijua. Serikali imenifuta nikafutika, lakini ngazi nzima kuanzia chini mpaka juu naitwa Bibi Maharage, na watoto wa chekechea nao wameshalipata, wananiita hivyo huku wamenyoosha vikombe vya uji.

Kile kidumu hakijarudishwa, Bi Zuhura amekataa kukichukua, anasema bado anangoja zamzam. Nami nimeapa: nikiweka nadhiri tena maishani mwangu, nitaweka ya kufunga. Funga haialikwi mtu, na siku nzima mdomo unabaki umefumbwa.