Nyembe Nne Chini ya Waya

Pikapu ilikuwa ya mama mmoja anayenunua chupa za plastiki Dandora na kuzipeleka viwandani. Anaiendesha mwenyewe. Injini yake ya petroli ilichoka, akanunua ya dizeli iliyotolewa kwenye gari jingine, lakini giaboksi alitaka ibaki ile ya zamani. Matundu ya boliti hayakukutana. Hapo kinachohitajika ni bamba nene la chuma la kukaa katikati, upande mmoja lishikane na injini, upande wa pili na giaboksi. Bamba kama hilo halipo dukani. Ni la kutengenezwa.

Gereji nyingine ilikuwa imeshamtengenezea moja. Lilidumu wiki tatu. Beringi ya giaboksi ikasagika, naye akabaki barabarani na mzigo, mvua ikimnyeshea. Alipokuja kwetu Kayole alisema kwamba ikiharibika tena, pikapu ataiuza kama chuma kikuukuu na kurudi kwenye mkokoteni. Alisema bila hasira, ndiyo maana nilimwamini.

Mwenye gereji yetu, ambaye sote tunamwita Mzee ingawa hana mvi hata moja, alinipa mimi kazi hiyo. Mama akanitazama. Zaidi ya salamu nilikuwa sijamwambia kitu.

"Huyu haongei," alimwambia Mzee. "Nitajuaje amemaliza?"

"Gari itakuambia."

Mimi si mtu wa maneno, lakini chuma nakijua. Nilibandika katoni kwenye uso wa injini, nikaigonga polepole kwa nyundo ndogo kuzunguka ukingo mpaka kila tundu likajichora. Nikafanya vivyo hivyo upande wa giaboksi. Kesho yake nilihamisha alama kwenye bamba, nikakata, nikatoboa, kisha nikampelekea mkerezaji, mwenye mashine ya kuchonga chuma, anipanulie tundu la katikati. Lilirudi linang'aa. Boliti zote ziliingia kwa vidole.

Kilichobaki ni kupima katikati. Shafti ya giaboksi lazima iingie katikati kabisa ya injini, la sivyo beringi italiwa tena. Mtaani kwetu wengi hukaza boliti nusu, wakaiacha giaboksi ijitafutie mahali, halafu wakamalizia kukaza. Mimi nilifunga bamba pamoja na kava inayobeba giaboksi, giaboksi yenyewe nikaiacha chini. Nikafunga waya mgumu kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, ncha yake ikikaribia ukingo wa tundu la kava, na nikaanza kuzungusha injini kwa mkono. Nafasi kati ya ncha na ukingo niliipima kwa nyembe mpya, moja juu ya nyingine.

Mzee alinikuta nimeshika pakiti. "Unataka kuinyoa?" Gereji nzima ikacheka, na mimi pia.

Chini, waya uligusa ukingo. Juu, ziliingia nyembe nne. Nikazungusha tena mara tatu. Nne.

Nikakumbuka katoni. Ilinyeshewa jioni ile niliyoichora, nikaianika juu ya mabati, ikakauka imejikunja kidogo. Niliona. Nilijiambia katoni ni katoni.

Mama alikuwa ameshafika, amekaa juu ya tairi anakula mahindi, kwa sababu Mzee alimwahidi ataondoka na gari jioni hiyo. Mzee akachungulia, akasema nyembe nne si kitu, ni unywele tu, nifunge.

Niliweka spana chini.

"Bado," nilisema. "Kosa ni langu. Katoni ilinyeshewa na mimi nikaitumia."

Mama aliacha kutafuna. Alimuuliza Mzee kama yule fundi wa kwanza naye alipima. Mzee akasema hawezi kujua.

"Basi kesho," mama akasema, akachukua mkoba wake.

Nusu ya nne ni mbili: kava ilikaa juu mno kwa unene wa nyembe mbili. Asubuhi nilitoa pini zinazoshikilia kava, nikapanua matundu ya boliti kidogo, nikairudisha na kuigonga chini kwa nyundo ya mbao. Niligonga, nikapima, nikagonga tena, mpaka nyembe mbili zikaingia juu, chini, kushoto na kulia, zikibana sawasawa. Ndipo nikakaza, nikatoboa matundu mapya ya pini na kuzipigilia, ili kava isihame tena. Kufikia saa nane giaboksi ilikuwa mahali pake.

Mama aliiendesha pikapu kwenye barabara ya Spine Road, akaenda mbali hata tukaacha kusikia mlio. Aliporudi hakuzima. Aliniita, akachukua kiganja changu na kukiweka juu ya mkono wa gia, huku akikanyaga mafuta. Ile kazi ya fundi wa kwanza, alisema, ilikuwa ikimtetemesha mpaka begani. Hii ilitulia.

"Unasikia?"

"Nilijua," nikasema.

Alicheka, akaondoka moja kwa moja kwenda Dandora kupakia.

Jioni nilitafuta nyembe zangu nikazikosa. Nilizikuta ndani ya sanduku la vifaa la Mzee, zimepakwa mafuta zisishike kutu.