Ikupa, fundi anayepima gari la baba mkwe asiyeruhusiwa kumtazama

Saa mbili asubuhi, manyunyu hayajaamua kama yatakuwa mvua au yataondoka, na Ikupa ameinamia injini ya pikapu nyeupe huko Kisondela, wilayani Rungwe. Mkononi ana mashine ya kupimia magari. Waya wake umechomekwa chini ya usukani, na kwenye kioo chake imeandikwa namba moja tu ya hitilafu: P0016.

"Mama, muulize baba kama kuna mtu aliyewahi kuifungua injini hii," anasema.

Mama mkwe wake, Veronika, anaweka chini ungo wa maharage na kuzunguka nyumba. Nyuma ya jiko, mahali ambapo mtu angeweza kurusha punje ya mahindi ikafika kwenye gari, amekaa Mzee Ambilikile, mwenye gari. Ameipa nyumba mgongo na kuielekea migomba.

"Hakuna aliyeigusa," sauti ya mzee inasikika.

Ikupa ameisikia. Kuku nao wameisikia. Lakini anaendelea kufuta spana kwa utulivu mpaka Veronika arudi na kusema: "Anasema hakuna aliyeigusa."

Kwa desturi ya Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Ni heshima, si ugomvi. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, ila Mzee Ambilikile hajalegeza hata kidogo.

"Siku ya harusi yetu nilikiona kisogo chake," anasimulia Ikupa. "Ni kisogo cha mtu mwenye msimamo."

Taabu ni kwamba Ikupa, mwenye miaka 34, ndiye anayetafutwa Tukuyu nzima gari likiwasha taa ya injini na kugoma kupanda mlima. Alisoma ufundi Mbeya, akaajiriwa kwenye gereji moja ya Makandana, kisha akanunua mashine yake kwa Sh450,000 alizokopa kwenye kikundi cha akina mama. Kupima gari moja ni Sh15,000. Siku njema hupima matatu. Siku mbaya hupima la jirani, bure.

Pikapu ya mzee ilikwishapita kwa mafundi wawili wengine. Kila mmoja alibadilisha sensa, kifaa cha kuhisi mwendo wa injini, taa ikazimika, na kabla gari halijafika nyumbani ikawaka tena. Mzee akatangaza kwamba litauzwa chuma chakavu. Mume wa Ikupa, Lugano, anayefanya kazi Mbeya, akapiga simu kumsihi mkewe aende. Hakusema ni nani atakayemsemesha baba yake.

"Namba hii haikuambii mwizi ni nani," anasema Ikupa. "Inakuambia tu kuwa kuna wizi."

Maana yake, anaeleza, ni kwamba krenki iliyo chini ya injini na kamshafti iliyo juu haziendi pamoja. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja: mmoja akiwahi, michi inagongana. Huenda sensa inadanganya, huenda oili ni chafu, huenda cheni inayoziunganisha imelegea au ilifungwa vibaya. Ndiyo maana fundi huanza kwa kuuliza.

Anafungua kifuniko cha juu, anaizungusha injini taratibu kwa spana mpaka alama ya chini ikae mahali pake, kisha anamulika ya juu. Imepishana kwa jino moja la gia ya cheni. Na cheni inang'aa.

"Mama, mwambie baba cheni hii ni mpya. Na ikiruka jino jingine, valvu zitagonga pistoni, injini itakufa."

Veronika anazunguka nyumba.

"Mwambie aache kunitisha," inasikika kutoka nyuma. "Gari hili nililinunua yeye hajajua hata kushika spana."

Veronika anarudi. "Anasema anashukuru kwa ushauri."

Ikupa anaegemea pikapu, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Basi mwambie ashukuru na kwa kutaja aliyeifunga. Nikijua alichofungua, sitabomoa nisichopaswa kubomoa. Na kesho ana parachichi za kupeleka kwa wanunuzi."

Veronika hanyanyuki. Anavuta kigoda, anakaa, anauchukua ungo wake.

"Mimi mnara wenu wa simu nimezima," anasema kwa sauti ya kufika pande zote mbili za nyumba. "Magoti yameisha chaji. Zungumzeni."

Maharage yanapepetwa. Mwishowe kikohozi kinasikika nyuma ya jiko.

"Wewe mgomba," anaanza Mzee Ambilikile. "Nikwambie. Cheni ilianza kupiga kelele, nikampa Jairo wa mashine ya kusaga aibadilishe. Alifungua mbele tu. Niliona aibu. Mtu una fundi nyumbani, halafu kumwomba huwezi, utamwombaje? Usimwambie mtu."

Ikupa anaigeukia betri.

"Wewe betri, umesikia? Hakuna aibu. Jairo alikaza vizuri, alikosea jino moja tu. Wapo wenye vyeti waliokosea matatu."

"Mgomba, uliza kama litapona leo."

"Betri, jibu kuwa litapona kabla ya alasiri."

Linapona. Ikupa analegeza kishikizo cha cheni, anairudisha mahali pake, anaizungusha injini mizunguko miwili kwa mkono kuhakikisha hakuna kinachogonga, kisha anafunga na kuifuta ile namba. Gari linapowaka, halikohoi. Yeye anaingia jikoni na kufunga mlango ili mwenye gari apate kutokea.

Kupitia ufa wa dirisha, Veronika anatangaza anachokiona: mzee amepanda, ameshuka kilima, amekipanda tena kwa gia ya tatu, taa haijawaka, anajifanya hacheki.

"Ndaga fijo, mgomba," inasikika nje. Asante sana.

Tangu siku hiyo wateja kutoka Kisondela na Matwebe wanafika Makandana wakisema wametumwa na mzee mmoja anayesifu gereji bila kumtaja fundi. Jairo naye huja Jumamosi kujifunza kusoma alama.

Ndoto ya Ikupa ni gereji yake mwenyewe, yenye shimo la kufanyia kazi chini ya gari na paa lisilovuja. Kiwanja kipo, kando ya barabara ya kuingia Tukuyu. Ni cha Mzee Ambilikile, na wiki iliyopita Veronika alileta ujumbe kwamba kinatolewa, kwa sharti moja: jengo liwe na mlango wa nyuma, na ukuta mwembamba katikati.

"Fedha zilizopo hazitoshi jengo zima," anasema Ikupa, akikunja waya wa mashine yake. "Tutaanza na ukuta huo."